Krismasi yaanzia Gikomba, mfuko waishia Maragoli

Ukitaka kujua uzito wa mfuko wa mzazi wa Nairobi, usimtazame mwisho wa mwezi anapopokea mshahara. Mtazame Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, akiteremka Barabara ya Landhies, mkono mmoja umemshika mtoto na mwingine umeubana mkoba kifuani. Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 2024 nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na watoto wangu wawili, orodha iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, na Sh12,000 ambazo mimi na mume wangu tulikuwa tumekubaliana kwamba, liwalo na liwe, hazitaongezwa hata ndururu. Nauli ilikuwa kando. Mambo ya Januari yalikuwa kando zaidi, ndani ya bahasha ambayo mume wangu aliificha mahali ambapo hata mimi hakuniambia.

Desemba hiyo haikuwa nyepesi kwa watu wa mishahara. Makato ya asilimia 1.5 ya ujenzi wa nyumba za bei nafuu yalikuwa yamekwisha kuzoeleka kwa uchungu, na mnamo Oktoba 2024 yakafuatwa na ya bima mpya ya afya, SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara mzima. Mwenye kulipwa Sh50,000 aliyaachia makato hayo mawili Sh2,125 kila mwezi. Hizo ni pesa za viatu vya watoto wawili, na chenji ya soda inabaki. Kwa hivyo swali la mzazi atumie pesa ngapi kununulia watoto zawadi za Krismasi si la wataalamu wa malezi peke yao. Huulizwa barabarani na hujibiwa papo hapo, mara nyingi na mtu aliyechoka, mwenye njaa, na ambaye anavutwa sketi na mtoto.

Landhies ndiyo barabara inayounganisha katikati ya jiji na Barabara ya Jogoo. Ukitoka mjini, kulia kwako kuna Muthurwa, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli enzi za ukoloni na ambao siku hizi watu huujua zaidi kwa soko lake. Kushoto kuna stendi ya Machakos Country Bus, ambayo wenye mzaha huiita 'Airport'. Nyuma ya stendi, ukiteremka kuelekea Mto Nairobi, ndiko Gikomba. Katika eneo hilo dogo mzazi anaweza kununua nguo, viatu, ndoo, godoro, samaki mkavu na tikiti ya kumpeleka mashambani bila kupanda matatu hata moja. Anaweza pia kuibiwa vyote hivyo kabla ya saa sita.

Tulianza Gikomba. Soko hili limeungua mara nyingi mno. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kila mara limeinuka tena kwa mbao na mabati, na wenye vibanda wamerudi mahali pao kama wanaojua mipaka yao kwa kunusa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, serikali ilipiga marufuku mitumba kutoka nje kwa miezi kadhaa, na wengi wetu ndipo tulipofahamu kwamba tulikuwa tumesahau bei ya nguo za dukani.

Kuna lugha ya hapa ambayo mgeni hana budi kuijua. Robota linapofunguliwa alfajiri, nguo safi zinazotangulia kuchaguliwa huitwa kamera. Zile za mwisho, zilizoachwa na kila mtu, huitwa fagia, na huuzwa zikiwa zimerundikwa chini. Kati ya kamera na fagia ndimo Krismasi ya maelfu ya watoto wa Nairobi inamoshonewa.

"Mia sita, mama. Hii ni kamera," kijana alinieleza akinyoosha gauni la rangi ya samawati lililomtosha binti yangu wa miaka minne.

"Mia tatu."

"Mia tatu ni fagia, mama. Fagia ile pale, inama uchague."

Tulifikiana kwa Sh400. Suruali na shati la mvulana zikala Sh900, viatu vya msichana Sh500, na viatu vya mvulana, vyeusi na vya ngozi, Sh1,200. Jumla Sh3,000. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimesimama kando ya mama mmoja wa makamo, mkazi wa Kayole, ambaye husuka nywele kwa riziki yake na ana watoto wanne. Naye alikuwa akichambua viatu vyeusi, jozi baada ya jozi, akivikunja soli kuona kama vitapasuka.

Aliniambia kwamba yeye hununua viatu vya shule na kuviita zawadi ya Krismasi. Tarehe 25 watoto huvivaa kwenda kanisani, na shule zikifunguliwa huvivaa kwenda darasani. Nilimuuliza kama watoto hawauoni ujanja huo.

"Wanauona," alisema. "Huyu wa pili aliniambia, mama, hii si zawadi, hii ni yunifomu. Nikamwambia zawadi ni kwamba safari hii si vya dada yako."

Tulicheka sote, lakini mvulana wangu hakucheka. Ana miaka tisa na alikuwa amemaliza Gredi ya 3. Tangu Siku ya Jamhuri hakuwa na wimbo mwingine ila gari. Si gari lolote, bali lile linaloendeshwa kwa rimoti, lenye taa za mbele na betri ya kuchaji, ambalo alikuwa ameliona kwa mtoto wa jirani. Alikuwa ameingia Gikomba kwa subira ya mtu anayejua kwamba nguo ni kikwazo cha kupitia tu.

Kutoka Gikomba tulikata kuelekea Kamukunji. Wasomaji wenye umri wanaufahamu uwanja huo kwa mambo ya siasa, hasa mkutano wa Saba Saba wa tarehe 7 Julai 1990. Mimi huufahamu kwa kelele. Karibu na uwanja ndiko waliko mafundi wa jua kali, na sauti ya nyundo zao juu ya mabati husikika kabla hujawaona. Hutengeneza majiko, karai, mikokoteni na, zaidi ya yote, yale masanduku ya bati ambayo mwanafunzi wa bweni hubeba kwenda nayo shuleni.

Kwa kawaida Desemba ni mavuno ya masanduku. Lakini fundi niliyezungumza naye alikuwa ameyapanga hadi darini na wateja hawakuwapo. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na waliotokana nao waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024. Waliowafuata ni watoto wa mtaala mpya wa umilisi, na hao Januari 2025 walikuwa wanaingia Gredi ya 9 katika shule za kutwa. Gredi ya 10 ya kwanza ilikuwa ingali mwaka mmodi mbele, Januari 2026. Ina maana kwamba Kenya nzima haikuwa na Kidato cha Kwanza mwaka huo, na hakuna aliyekuwa amemkumbuka fundi wa masanduku.

"Mimi ni kama mwenye kuuza miavuli kiangazi," alisema, na bila kuacha kugonga akatuonyesha alichokuwa anafanya ili siku zisonge. Alikuwa amekata vipande vya mabaki ya bati na kuunda mabasi madogo, urefu wa mkono wa mtoto, yenye magurudumu ya mpira wa kandambili, keria juu, na rangi za kumeta kama matatu za Eastlands. Aliniambia Sh500. Nikalichukua moja kwa Sh350. Mvulana wangu alilishika, akazungusha magurudumu, akasema, "Ni zuri." Kila mzazi anaijua sauti hiyo ya "ni zuri".

Kwa hivyo tukaenda kuliona gari lenyewe. Sitalitaja duka, na kwa kweli yako mengi yanayofanana nalo katika vichochoro vya kuelekea River Road, yanayouza kwa jumla na rejareja vitu vya kuchezea kutoka China. Madukani mwa mtaa wa matajiri gari hilo lilikuwa Sh4,800. Hapa lilikuwa Sh3,800. Nilimkumbusha mwenye duka kwamba mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa imevuka Sh160, na sasa ilikuwa kama Sh129, hivyo mbona bei haishuki? Akanijibu kwa upole kwamba mzigo huo aliununua dola ikiwa juu. Nimewahi kumsikia mwenye duka akisema hivyo dola ikishuka. Sijawahi kumsikia akisema dola ikipanda kwamba mzigo aliununua ikiwa chini.

Mbele yetu kwenye foleni alikuwapo baba mmoja mwenye koti la kazi, amebeba boksi la baiskeli ndogo na mwanasesere anayelia. Alibonyeza simu yake, akasubiri, akabonyeza tena, kisha akamwambia mhudumu, "Ngoja kidogo, naongeza kwa Fuliza." Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Nilimtazama bila kumlaumu. Wazazi wetu walipotaka kukopa walijaza fomu kwenye chama cha ushirika, wakatafuta wadhamini, wakangoja, na katika kungoja huko hamu ya kununua ilipoa. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, na Fuliza Januari 2019, mkopo ulihamia mfukoni, na sasa huchukuliwa mbele ya kaunta, mtoto akitazama. Ni vigumu sana kusema "sina" mahali ambapo simu inasema unazo.

Mvulana wangu hakulia. Laiti angalilia. Aliweka kidole chake juu ya ile karatasi angavu ya boksi, mahali palipo na taa ya mbele ya gari, akakiacha pale.

Hapa sina budi kueleza kwa nini sikulinunua, maana Sh12,000 zilikuwa mkononi na ingewezekana.

Nilikulia mtaa wa Bahati. Krismasi yetu ya miaka ya 1990 ilikuwa na utaratibu wake. Viatu vya Bata, kubwa kwa nambari moja ili vifike Desemba nyingine, na karatasi ndani ya ncha. Gauni jipya. Kanisani asubuhi, chapati na nyama adhuhuri, kisha mjini kwa miguu, puto mkononi na miwani ya karatasi ya rangi machoni, kupigwa picha mbele ya jumba la KICC. Vitu vya kuchezea tulijitengenezea: gari la mkebe wa Kimbo, mpira wa karatasi za nailoni na kamba. Hatukujiona maskini, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa hivyo.

Ila mwaka mmoja nilipata mwanasesere. Ilikuwa Desemba 1997, mwaka wa mvua za El Nino na wa uchaguzi mkuu. Nilikuwa nimemwona dirishani mwa duka moja mjini, mwenye nywele za kuchana na macho ya kufumba, na nadhani nami niliweka kidole changu juu ya kioo. Asubuhi ya Krismasi nilimkuta kitandani pangu. Nilimpenda hadi mkono wake ukang'oka.

Baba, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa karani, na aliandika matumizi yote katika vijitabu vidogo vya kila mwaka. Miaka michache iliyopita nilikuwa napanga vitu vyake nikakifungua cha 1997. Viatu, nguo, nyama, picha, kila kitu kwa mwandiko wake ulionyooka. Na humo: mwanasesere, Sh900. Nikafungua cha 1998. Januari ameandika jina la kaka yangu, aliyekuwa Kidato cha Pili, na mbele yake: "Karo, pungufu Sh850. Amerudishwa." Majuma matatu baadaye ameandika: "Amekwenda."

Kaka yangu alikaa nyumbani majuma matatu, na mimi nikacheza na mwanasesere mbele yake. Hakuna aliyeniambia lolote, wala yeye, wala baba, hadi nilipokiona kijitabu hicho. Nilimpigia kaka yangu simu usiku uleule. Akacheka, akasema hata alikuwa amesahau. Sina hakika.

Kwa hivyo watu wanaponiuliza mzazi atumie kiasi gani, jibu langu si nambari. Naanza kuhesabu kutoka nyuma. Nauli ya kurudi Nairobi itoke kwanza, kwa sababu Januari wenye mabasi hawana huruma. Kisha vitabu, sare na karo. Kinachosalia ndicho Krismasi, na kama ni Sh500, basi Krismasi ni Sh500, na watoto waambiwe nambari hiyo nyumbani kabla ya kuvaa viatu. Mtoto wa miaka tisa anajua kutoa na kujumlisha. Shuleni hafanyi jingine. Aibu humjia mzazi anayengoja hadi mbele ya kaunta. Mimi nilikuwa nimemwambia mwanangu Sh12,000 ni za nini, lakini sikuwa nimemwambia kwamba ndani yake hakuna gari. Hilo lilikuwa kosa langu, na nikalilipia kwa kutembea naye kimya hadi stendi.

Jambo jingine ambalo vitabu vya malezi kutoka ng'ambo havilijui ni kwamba sisi zawadi hatumnunulii mtoto mmoja. Kule kwao wanahesabu watoto wa nyumba. Sisi tunahesabu watoto wa boma. Tulikuwa tunaelekea kwa mavyaa wangu huko Maragoli, na bomani kulikuwa na watoto wengine tisa, wa shemeji zangu. Ukishuka na gari la rimoti la mtoto wako na peremende za wale tisa, umewatangazia jambo ambalo hawatalisahau. Nilinunua mipira miwili ya Sh700, mwanasesere wa kitambaa kwa binti yangu Sh250, puto na peremende za Sh600, leso ya mavyaa Sh700. Unga wa ngano, mafuta, sukari na majani vikachukua Sh4,100. Sh2,000 niliziweka kama mchango wa nyama. Nikabaki na Sh300.

Tulisafiri usiku wa Jumapili. Nauli ambayo Novemba nililipa Sh1,300 ilikuwa Sh2,500, na kwa viti vitatu, binti akiwa mapajani, tukatoa Sh7,500. Basi la saa mbili liliondoka saa tano. Juu ya keria kulikuwa na magodoro, mitungi ya gesi na baiskeli za watoto zisizopungua sita, kila moja imelipiwa na mwenyewe kama mtu mzima. Utingo alikuwa akizifunga kwa ustadi wa mkunga.

Safari hiyo ya usiku huwa siipendi. Baada ya Nakuru naanza kukumbuka. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, karibu na Sachangwan, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa, wengi wao wakirejea kutoka sikukuu. Pale Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia likawafagia wachuuzi na abiria kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Tulipopita hapo watoto walikuwa wamelala, mvulana amekumbatia basi lake la bati kama mto. Sijui kama ni kwa mapenzi au ni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka.

Kulipambazuka tukiwa kwenye majani chai ya Kericho. Tukapita Ahero, tukapita Kisumu, kisha barabara ikaanza kupanda kati ya yale mawe makubwa ya Maragoli, yaliyopandana kana kwamba yalimwagwa na mtu aliyekuwa na haraka. Unavuka ikweta kabla ya Majengo na huhisi chochote ila baridi ya asubuhi. Pale Mbale bodaboda mbili zilitubeba pamoja na unga.

Watoto tisa walitupokea njiani. Basi la bati liliangaliwa, likapitishwa mkono kwa mkono, likafungwa kamba, na kabla mavyaa hajamaliza kutusalimia lilikuwa limekwisha fika mtoni na kurudi. Mvulana wangu akawa mwenye matatu. Alichagua dereva, akachagua utingo, akaweka nauli ya mawe. Nikajisifu moyoni. Nikasema, tazama, Sh350.

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, akawasili shemeji yangu. Yeye huendesha trela kutoka Mombasa hadi Kampala, na mke na mtoto wake wa kiume huishi hapo bomani. Alifungua mkoba wake akatoa, naam, gari la rimoti. Kubwa kuliko lile la River Road. Boma zima lilinyamaza.

Nilikuwa na hotuba yangu tayari, ya kijitabu cha baba na ya kuhesabu kutoka nyuma, na jioni tulipoketi nje nilianza kumdokezea. Nilimuuliza aliliuziwa pesa ngapi. Akasema Sh6,500. Kisha akasema bila kukasirika, "Shemeji, wewe mtoto wako unamwona kila siku. Mimi wangu namwona mara mbili kwa mwaka. Nikija na peremende atanijua?"

Nilikosa la kumjibu, na hadi leo sijalipata. Karo ya mtoto wake imelipwa. Anatuma pesa kila wiki. Hakukopa. Kwa kipimo changu mwenyewe cha kuhesabu kutoka nyuma alikuwa na haki ya kununua magari mawili. Kilichonichoma si pesa zake, ni jinsi mwanangu alivyoacha matatu yake njiani akaenda kusimama nyuma ya mabega ya wenzake.

Umeme ulipotea usiku huohuo wa mkesha, mvua kubwa ikinyesha, na haukurudi siku tatu. Gari lilikwenda asubuhi ya Krismasi, likawasha taa, likakimbiza kuku, na kufikia adhuhuri lilikuwa kimya. Tarehe 26, wakati nusu ya kijiji ilikuwa imekwenda Mbale kwenye tamasha la utamaduni la Wamaragoli, niliwaona watoto waliobaki wakivuta magari yote mawili kwa kamba, la Sh6,500 mbele na la Sh350 nyuma, kwenye njia ileile ya mtoni.

Ningependa kuishia hapo, ambapo naonekana mwerevu. Lakini jioni hiyo mvulana wangu alirudi ameshika mkono. Bati la fundi wa Kamukunji lilikuwa limechomoka pembeni na kumkata kidole hadi nyama ikaonekana. Shemeji yangu ndiye aliyembeba kwenye bodaboda hadi zahanati. Alisafishwa, akafungwa bendeji, akadungwa sindano ya pepopunda. Bei yake ilikuwa Sh300, zile Sh300 zangu. Shemeji alitaka kulipa nikakataa, akatabasamu, akasema, "Basi hilo basi lako limefika Sh650."

Usiku aliketi na koleo akaikunja ile kingo ya bati kwa ndani, pande zote, ikawa laini. Kazi hiyo ningeifanya mimi Nairobi kabla ya kumpa mtoto, kama ningelikuwa nimeitazama zawadi yenyewe jinsi nilivyoitazama bei yake.

Tulirudi Ijumaa, tarehe 3 Januari 2025, shule zikiwa zinafunguliwa Jumatatu. Nauli ilikuwa Sh2,000 kwa kiti, na ilikuwapo, imefungwa kwenye pindo la leso yangu tangu Desemba. Mavyaa alitusindikiza hadi barabarani. Alikuwa amempa mvulana wangu mtetea mweusi, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, na kumwagiza asiliwe kabla hajataga. Utingo alimtazama huyo kuku, akasema ni Sh100.

"Ni abiria au ni mzigo?" nikamuuliza.

"Mama, ana miguu," akajibu, na foleni nzima ikacheka. Nikalipa.

Tulipokuwa tunateremka kuelekea Kisumu nilitoa ile karatasi ya daftari, nikaandika chini kabisa: basi la bati 350, sindano 300, kuku 100. Mvulana alikuwa ananichungulia begani, kidole chake chenye bendeji kimekaa juu ya keria ya basi.

"Mama," akasema, "mbona umeandika kuku? Huyu si nimepewa?"